Chotara wa Jamhuri ya Heko

Kila nchi ina adui wake wa kudumu, na Jamhuri ya Heko, nchi ya milima mizuri na hotuba ndefu, haikukubali kuachwa nyuma. Adui wake alikuwa bangi. Kwa miaka mingi helikopta ziliruka juu ya milima ya kusini zikiitafuta, askari waliing'oa, mawaziri waliichoma moto mbele ya kamera, na wazee walioilima kama walivyoilima babu zao walitiwa jela, wakaozea humo kwa ile amani na utulivu ambao ndio sifa kubwa ya nchi hiyo.

Kisha Mlezi Mkuu wa Taifa akasafiri. Alikwenda nchi za baridi kutibiwa goti, na huko akakutana na waungwana wenye suti za kijivu waliomweleza kwamba mmea ule anaouchoma wao wanautumia kutengeneza dawa za maumivu. Walikuwa tayari kuununua wote, mradi uwe wa aina moja, urefu mmoja, harufu moja na nguvu moja, maana wateja wao hawapendi kushtukizwa. Mlezi Mkuu akarudi na goti jipya na sera mpya. Jumatatu asubuhi redio ikatangaza kwamba adui sasa ni rafiki.

Kulikuwa na kikwazo kidogo tu. Sheria ya kuikataza bangi haikuwa imefutwa, kwa sababu Bunge lilikuwa likizoni, na liliporudi lilikuta ratiba yake imejaa pongezi. Basi ikakubalika kwamba mmea utalimwa na serikali kwa nguvu zote, lakini jina lake lisitajwe, kwani kulitaja ni kushawishi. Katika hotuba na nyaraka zote uliitwa Zao Lile.

*

Wizara ya Kilimo na Uteketezaji, ambayo zamani ilikuwa wizara mbili zilizounganishwa ili kubana matumizi, ilitafuta mtaalamu wa kuzalisha mbegu chotara za Zao Lile. Wataalamu wote wa mbegu wakaugua kwa mpigo. Aliyekutwa ofisini ni mmoja tu, Dakta Subilaga Mwandemele, mwanamke wa makamo aliyekuwa amejikita katika utafiti wa maharage. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Hakuwahi kuolewa. Raha zake zilikuwa mbili: kula mchana pamoja na makarani wa kituo chake, na Jumapili kwenda kwa dada yake Tusajigwe, wakabishana juu ya chumvi ya mchuzi hadi mchuzi upoe.

Waziri, Mheshimiwa Krisostomu Mbwambali, alimpokea akiwa amesimama, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimepelekwa kutiwa nembo ya taifa.

"Dakta," alisema, "historia imekubishia hodi. Haikubisha kwa jirani yako. Haikubisha kwa mkurugenzi wako, ambaye nasikia anaumwa surua, Mungu amponye. Taifa linataka chotara! Linataka ushupavu wa bangi... wa Zao Lile la mlimani, uoane na urefu wa Zao Lile la ziwani, wapatikane watoto wanaosimama mstari mmoja kama gwaride. Unaweza?"

"Naweza, mheshimiwa, nikipata mbegu za asili za wazazi wote wawili. Na watu wa kufanya nao kazi."

"Watu," alisema waziri, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa habari za ndugu wa mbali. "Watu tutaona."

Wakampeleka kilima cha Mbalaga, mahali penye ukungu, wakamjengea nyumba ya mbao, kitalu na uzio juu ya uzio. Walinzi waliagizwa kusimama wakiupa uzio mgongo, kwa kuwa kulitazama Zao Lile kulikuwa kosa, na kuzungumza na mwenye Zao Lile kulikuwa kosa kubwa zaidi. Kila asubuhi Subilaga alikwenda kuisalimu ile migongo.

"Hamjambo?"

Migongo ilinyooka kidogo. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na baada ya muda alijifunza kutambua mgongo upi umelala vizuri na upi una mgonjwa nyumbani.

Alipokwenda sokoni, wenye vibanda walimwachia bidhaa mezani wakarudi nyuma, wakaangalia mawingu hadi aondoke. Makarani aliokuwa akila nao walihamishwa. Tusajigwe alipiga simu mara moja.

"Dada, mume wangu yuko kwenye orodha ya kupandishwa cheo. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Nakupenda, dada. Usinipigie."

Simu ikakatika. Subilaga aliendelea kuishikilia sikioni, kwa sababu mlio wa simu iliyokatwa nao ni sauti.

*

Mbegu za asili zilikuwa adimu, maana Wizara ilikuwa imeziteketeza kwa ufanisi uliopewa nishani. Zilipatikana mahali pamoja tu, ghala la vielelezo la mahakama. Kulikuwa na mfuko wa mbegu za ziwani, ambazo mshtakiwa wake alifariki akingoja kesi ianze. Na kulikuwa na mfuko wa mbegu za mlimani, za mzee mmoja aliyekata rufaa zamani sana. Kwa kuwa rufaa yake haikusikilizwa, kielelezo chake hakikuweza kuchomwa. Hivyo ndivyo kucheleweshwa kwa haki kulivyokiokoa kilimo cha taifa.

Kuhusu msaidizi, Wizara ilifikiri sana. Raia mwema asingeweza kupelekwa Mbalaga, angeharibika. Ikaamuliwa apelekwe mtu aliyekwisha kuharibika. Wakamleta mwenye ule mfuko wa mlimani.

Aliitwa Ambakisye Kajuni. Alishuka kwenye gari la magereza akiwa na pingu mikononi, mzee mrefu mwenye masikio makubwa, akasimama akinusa hewa kama mbuzi aliyefunguliwa zizini.

"Shikamoo, mzee," alisema Subilaga.

Kajuni aligeuka kutazama nyuma yake, pengine kuna mzee mwingine. Hakuna aliyekuwa amemwamkia hivyo tangu alipofungwa.

"Marahaba, mwanangu," alisema hatimaye, sauti ikikwaruza. Kisha akaona mfuko mezani. "Hizo ni mbegu zangu."

"Sasa ni za Jamhuri, mzee."

"Basi Jamhuri izipande upesi. Zimekaa gizani kama mimi."

*

Walianza kwa kugombana, na kusema kweli hawakuacha. Kajuni alishikilia kwamba mbegu hupandwa na mtu ambaye hajala, na kwamba akipita mtu anayepiga mluzi mmea unakuwa mkaidi. Subilaga alipiga mluzi makusudi. Mimea ikaota vizuri tu, na Kajuni akasema ni kwa sababu mluzi wenyewe ulikuwa mbaya, mimea haikuutambua. Subilaga naye alihamisha miche nje mapema, ingawa Kajuni alimwonya kwamba baridi ya Mbalaga haijaisha. Baridi ikaunguza nusu ya miche ya ziwani, na kwa siku kadhaa mzee alitembea kitaluni akiwa na uso wa msiba, akisema kwa sauti ya kusikika, "Mimi mfungwa tu. Mimi najua nini?"

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Mimea ya mlimani ilikuwa mifupi, yenye majani meusi na mashina magumu. Ya ziwani ilikuwa mirefu, yenye kuchelewa, na ilikuwa ikiyumba hata pasipo upepo. Walitenga majike ya mlimani peke yake, wakayafunika maua yake kwa mifuko ya karatasi yasije yakapata vumbi la dume lisilotakiwa, kisha Subilaga akayapaka vumbi la dume la ziwani kwa brashi ndogo, taratibu.

"Unawafungisha ndoa bila ngoma wala pilau," alisema Kajuni.

"Ngoma ataleta waziri."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mgongo mmoja kule uzioni ukatikisika, kisha ukakumbuka sheria.

Mchana walikula pamoja kibarazani. Subilaga aligundua kwamba alikuwa ameanza kupika kwa ajili ya mtu wa pili bila kukusudia, na kwamba alikuwa akitia chumvi nyingi ili apate wa kubishana naye. Kajuni alikula bila ubishi. Jela ilikuwa imemfundisha kutokataa chakula. Jambo hilo lilimuuma Subilaga kuliko kama angelalamika.

Mzee alipenda kuzungumza habari za mkewe, Sekela, aliyemwacha kijijini Itiganda. Sekela hakuruhusiwa kumtembelea, kwa sababu kumtembelea mfungwa wa Zao Lile kulihesabiwa kuwa ushirika. Alimsifu kwa ukali wake, kwa mikono yake, kwa jinsi alivyoweza kumfukuza mwenezi wa chama kwa kumtazama tu. Siku moja, katika kumsifu, mdomo ukamponyoka.

"Hao wa helikopta walidhani wamemaliza. Wakati mbegu bado iko nyuma ya jiko la Sekela, katikati ya mahindi! Kijiji kizima kinayo. Anayeishiwa anaazima kwa jirani, kama moto."

Mkono wake ulibaki hewani na tonge la ugali.

"Mwanangu, sahau nilichosema."

"Umesema nini, mzee?" aliuliza Subilaga, akampa mboga.

*

Chotara ilipokomaa, ilikuwa nzuri kuliko hata ahadi ya waziri. Ilisimama kimo kimoja toka mwanzo wa tuta hadi mwisho, shina gumu la mama na kimo cha baba. Wageni wa suti za kijivu wakafika, wakapima, wakanusa, wakatabasamu. Mlezi Mkuu akaipa jina: Fahari ya Goti.

Siku ya uzinduzi zililetwa bendi, watoto wa shule na viti vyenye nembo. Mheshimiwa Mbwambali alihutubia tangu ukungu ulipopanda hadi uliposhuka.

"Walisema haiwezekani!" alinguruma. "Nani walisema? Sisi wenyewe ndio tuliosema! Lakini tumejikosoa, tumejisamehe, na leo tunajipongeza! Na ili kuilinda damu ya chotara wetu isichafuliwe, naamuru Zao Lile lote la kienyeji, popote lilipobaki, liteketezwe. Pamoja na lililomo humu kituoni."

Subilaga alidhani amesikia vibaya. Makofi yalipotulia alimfuata waziri nyuma ya jukwaa.

"Mheshimiwa, hao wa kienyeji ndio wazazi. Chotara hairudii. Ukipanda mbegu iliyotoka kwenye chotara yenyewe, watoto hutawanyika, huyu kamfuata bibi, yule kamfuata shangazi. Kila msimu lazima turudi kwa wazazi."

"Dakta," alisema waziri kwa upole, akimshika bega, "katika nchi hii watoto watafanana na wazazi wao. Nitalitolea waraka."

Idara ya Uteketezaji ilikuwa imekuja tayari na petroli. Matuta ya wazazi yaliwaka wakati bendi ikipiga wimbo wa taifa, na kwa kuwa ulikuwa wimbo wa taifa, Subilaga alilazimika kusimama wima na kutazama.

Halikuwa jambo la mwisho siku hiyo. Hakimu mmoja mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipanda jukwaani kushughulikia suala la Mfungwa Kajuni. Subilaga alimsogezea mzee kofia yake na kumnong'oneza ajiweke sawa, maana waliamini unakuja msamaha.

"Mfungwa," alisema hakimu, "taifa linakushukuru. Umelihudumia Zao Lile kila siku, bila kukosa, tangu uletwe hapa. Mahakama imesikia ushahidi wa Dakta mwenyewe katika taarifa zake, akikusifu kwa bidii. Kwa bahati mbaya, kulihudumia Zao Lile ni kosa, na kila siku ni kosa jipya. Vifungo vitafuatana, havitakwenda pamoja."

Watoto wa shule walipiga makofi, kwa kuwa waliambiwa wapige kila mtu mzima anyamazapo.

"Lakini mimi pia nimelihudumia!" Subilaga alipaza sauti, ile sauti yake ndogo. "Mimi ndiye niliyemwamuru!"

"Wewe una kibali, Dakta," alieleza hakimu. "Yeye ana historia."

Kajuni aliinyoosha mikono apate kufungwa pingu, na alipopita karibu naye alisema tu, "Uwatie maji wale wadogo wa upande wa juu. Leo hawakunywa." Gari la magereza likaondoka nyuma ya gari la bendi.

Aliyabeba maji mwenyewe. Mchana alipakua sahani mbili, akairudisha moja sufuriani.

*

Waliopewa leseni za kulima Fahari ya Goti walikuwa wananchi wa kawaida: shemeji wa waziri, mpwa wa hakimu, na mganga wa goti la Mlezi Mkuu. Msimu wa kwanza walivuna vizuri. Msimu wa pili hawakuona sababu ya kuchukua mbegu mpya wakati wana yao shambani, na mbegu mpya zenyewe hazikuwapo, kwa kuwa wazazi walikuwa majivu. Wakapanda watoto wa chotara.

Yaliyoota yalikuwa mkutano wa hadhara. Mmea mmoja ulifika kiunoni, wa pili yake ukapita paa. Mwingine ulikomaa upesi ukaoza, jirani yake akakataa kutoa ua. Wenye harufu ya limau walisimama pamoja na wenye harufu ya beberu aliyenyeshewa. Waraka wa waziri ulisomwa shambani mara kadhaa kwa kipaza sauti, lakini haukusaidia. Wenye suti za kijivu walikuja, wakanusa, wakarudi uwanja wa ndege bila kunywa chai.

Tume ikaundwa. Ilikutana katika ukumbi wenye zulia jekundu, na Subilaga akaitwa mbele yake. Mheshimiwa Mbwambali ndiye aliyekuwa mwenyekiti, ili asihojiwe.

"Dakta, taifa linahitaji tena mbegu za wazazi. Za ziwani tumezipata kwa jirani zetu. Tunatafuta za mlimani. Uliishi na yule mfungwa. Wazee hao hawana siri. Alikuambia ziko wapi?"

Subilaga alitazama zulia.

"Ukitutajia mahali," aliendelea waziri, akilainisha sauti, "mzee atatoka jela siku hiyohiyo. Nakuapia mbele ya tume."

"Na wale wenye mbegu?"

"Wenye mbegu ni wahalifu, Dakta. Hiyo ni sheria, si mimi."

Subilaga aliomba kwanza aonane na mfungwa, apate kumkumbusha yale waliyozungumza. Tume ikaona ombi hilo ni la kizalendo, ikampa gari.

Alimkuta Kajuni amekonda, masikio yamezidi kuwa makubwa. Kati yao palikuwa na wavu, na pembeni askari mwenye filimbi. Alimweleza yote upesi, kwa sauti ya chini, akimaliza kwa kusema, "Nikitamka neno moja, unatoka leo."

Mzee alitikisa kichwa.

"Nitoke niende wapi, mwanangu?"

"Nyumbani."

"Nyumbani nitamkuta nani? Sekela atakuwa huku, na jirani zake wote watakuwa huku. Nitakaa peke yangu kijiji kizima, nizisalimie kuta?" Akaupitisha mkono usoni. "Wewe unajua kukaa hivyo kulivyo. Mimi siwezi."

Subilaga aliushika wavu. Alitaka kusema kwamba naye hawezi, kwamba sahani bado anapakua mbili, kwamba kosa la zile sifa alizoziandika linamlemea. Alisema, "Nisamehe, mzee."

"Nani kakukasirikia? Sikiliza. Siku moja ukipata njia, mwambie Sekela kwamba..."

Filimbi ikalia. Askari akamgeuza mzee kwa bega, na mlango wa chuma ukafungwa.

Mbele ya tume, Subilaga alisimama akasema kwamba hajui. Waziri alimwuliza tena, na tena, kwa upole na kwa ukali, akamkumbusha kifungo cha mzee, akamkumbusha pensheni. "Sijui," alijibu kila mara, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake sauti yake kufika hadi viti vya nyuma.

Tume ilihitimisha kwamba hasara ilisababishwa na jua. Dakta Mwandemele alistaafishwa kwa manufaa ya umma, akapewa cheti cha pongezi. Mheshimiwa Mbwambali akahamishiwa Wizara ya Jua. Na redio ikatangaza kwamba Zao Lile limekuwa tena adui, na kwamba wale waungwana wa nchi za baridi wameahidi helikopta mpya.

*

Subilaga alifunga mizigo, na badala ya kwenda mjini alikwenda Itiganda. Sehemu ya mwisho ya njia aliitembea kwa miguu, akipandisha. Watu walipomwona walifunga milango, kwa kuwa walijua sura za serikali hata zikistaafu. Aliuliza nyumba ya Mama Sekela Kajuni kwa mlango uliofungwa, na mlango ukamwelekeza.

Sekela alikuwa amekaa nje akipepeta mahindi, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye macho makali kama yalivyosifiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ungo haukusimama. "Umekuja kuchukua nani?"

"Sikuja kuchukua. Nilikuwa nafanya kazi na mzee. Kule Mbalaga."

Ungo ukasimama. Nyuma ya jiko, katikati ya mahindi, Subilaga aliiona mimea mifupi yenye majani meusi. Akaona pia kwamba Sekela amemwona akiiona. Akageuza uso wake, akatazama upande wa mlima, hadi yule mama alipopumua.

"Ni mzima?" aliuliza Sekela.

"Amekonda. Lakini ni mzima."

"Amekutuma?"

"Alitaka kunituma, mama. Alisema, 'Mwambie Sekela kwamba,' halafu filimbi ikalia." Njia nzima alikuwa akitunga maneno ya kujaza pale, maneno mazuri, ya kustahili safari. Sasa hakuweza kuyatoa. "Sikusikia mwisho wake. Nimekuletea hivyo hivyo, kama maneno yalivyokatika."

Sekela aliweka ungo chini. Alikung'uta pumba mikononi, polepole, kidole baada ya kidole. Kuku walisogea na hakuwafukuza.

"Huko Mbalaga," alisema hatimaye, "alilala wapi?"

"Chumba cha pili. Palikuwa na ukuta wa mbao tu kati yetu."

"Bado anakoroma?"

"Anakoroma, mama. Anakoroma mpaka mabati yanaitikia."

Sekela akaangua kicheko, kicheko kikubwa kisicholingana na mwili wake, na milango miwili mitatu jirani ikafunguka kidogo. Alicheka hadi akajiinamia, akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaendelea kutikisika muda mrefu baada ya sauti kwisha. Subilaga hakujua kama inafaa amguse. Alikuwa hajamgusa mtu siku nyingi. Akakaa chini kando yake, akauchukua ungo, akaendelea kupepeta pale mwenzake alipoishia.